Taharuki, Filamu na Kalamu Yangu Nyekundu

Walimu wenzangu, nadhani hakuna miongoni mwetu asiyeweza kuitamka kwa ghibu, hata akiamshwa usiku wa manane, ile fasili ya taharuki tunayowapa wanafunzi wetu: ya kwamba taharuki ni hali ya hamu na wasiwasi anayokuwa nayo msomaji kwa sababu hajui litakalotokea mbele. Nami niliifundisha hivyo kwa miaka mingi. Niliiandika ubaoni, nikaipigia mstari chini yake, wanafunzi wakainakili madaftarini. Na ulipowadia mtihani walinirudishia ile ile niliyowapa, nami nikawapa alama zao, tukaachana kwa amani.

Katika muhula wa pili wa mwaka 2009 nilikuwa nikisahihisha karatasi za kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari iliyo kando ya barabara kuu itokayo Jinja kwenda Tororo. Swali la nne liliwataka wanafunzi waeleze maana ya taharuki na watoe mfano mmoja. Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa mtundu wala hakuwa miongoni mwa wale hodari, alikuwa amekosa karatasi ya mistari, akaandika majibu yake katika karatasi ya miraba aliyoichana katika daftari la hesabu. Aliandika ya kwamba taharuki ni pale ninapojua mimi, na yule mtu wa kwenye filamu hajajua. Kisha akatoa mfano: mtu anarudi nyumbani kwake jioni, na nyuma ya mlango amesimama muuaji mwenye kisu, watu wote wa kibandani wanapiga kelele wakimwambia ageuke, naye anainama taratibu anavua viatu.

Jibu lote lilikuwa la mistari mitano. Mimi niliona ndani yake makosa matatu. La kwanza, fasili ilikuwa imepinduliwa miguu juu, kichwa chini, basi nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kinyume kabisa!" La pili, lile neno "hajajua" halikunipendeza, nikalikata na juu yake nikaandika "hajui". La tatu halikuwa kosa la lugha. Kijana alikuwa amekiri kwa mkono wake mwenyewe kwamba huenda kibandani, jambo ambalo lilikatazwa na sheria za shule. Nilimpa sufuri, nikaikunja karatasi ile mara mbili, nikaipeleka kwa makamu wa mwalimu mkuu aliyesimamia nidhamu. Kijana akarudishwa kwao kwa wiki mbili. Ushahidi uliotumika ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa jibu la swali la nne.

Kwa wenzetu walio mbali na Uganda, yafaa nieleze kibanda ni nini. Katika miaka ya 1990 na ile iliyofuata, kila kituo cha biashara kilikuwa na banda la mbao na mabati, madirisha yamezibwa kwa nguo nyeusi, ndani yamepangwa mabenchi, mbele ipo televisheni, na nje jenereta inanguruma. Hapo zilionyeshwa filamu za Hong Kong, za Marekani, za Uhindi na za Nigeria. Na kwa kuwa watazamaji wengi hawakuzifahamu lugha za filamu hizo, palikuwapo mtu mwenye kipaza sauti aliyezifasiri papo kwa papo, aghalabu kwa Kiganda. Wafasiri hao walijulikana kwa herufi mbili, VJ, na baadhi yao wakawa mashuhuri kuliko waigizaji wenyewe. VJ hakutosheka na kufasiri. Alitania, alilaumu, alimpa mhusika jina la mtu wa mtaani. Sanaa hiyo ingali hai mpaka leo, ingawa vibanda vyenyewe vimepungua sana tangu filamu zilipohamia katika simu za mkononi. Sisi walimu tulivihesabu vibanda hivyo kuwa mashimo ya kuwapotezea watoto wakati. Yamkini vilikuwa hivyo pia. Lakini katika miaka yangu yote ya kuvilaani, sikuwahi kuinama nikaingia ndani ya kibanda hata kimoja.

Yaliyonifungua macho yalinijia kwa njia ya mbali kabisa. Mwaka 2018 nilihudhuria mafunzo ya walimu wa lugha, na jioni moja msimamizi wetu akatundika shuka jeupe ukutani akatuonyesha filamu ya zamani ya Kimarekani iitwayo Rear Window, yaani Dirisha la Nyuma, iliyotolewa mwaka 1954 na kuongozwa na Mwingereza Alfred Hitchcock. Alisema tuitazame kama walimu wa fasihi: nani anaona, nani anajua, na anajua lini.

Habari yenyewe ni nyepesi. Mpiga picha wa magazeti, Jefferies, amevunjika mguu, umefungwa plasta mpaka nyongani, naye ameketi katika kiti cha magurudumu katika nyumba yake ya New York wakati wa joto kali. Hana la kufanya ila kuwachungulia majirani zake ng'ambo ya ua. Ng'ambo ile yupo mchuuzi mmoja, Thorwald, ambaye mkewe ni mgonjwa wa kitandani; na siku moja mke haonekani tena. Jefferies anashuku kwamba ameuawa. Anatazama kwa darubini, anatazama kwa lenzi ndefu ya kamera yake, na sisi tunatazama pamoja naye, kwa kuwa kamera ya Hitchcock karibu haitoki kabisa katika chumba kile. Tumefungwa plasta sote.

Kisha likaja tendo ambalo sitalisahau. Lisa, mchumba wa Jefferies, anapanda kwa ngazi ya nje na kuingia kwa dirisha katika nyumba ya Thorwald, akitafuta pete ya ndoa ya yule mke. Jefferies anamwona. Sisi tunamwona. Mara katika ujia wa nyumba ile tunamwona Thorwald anarudi. Lisa yumo ndani anapekua. Thorwald anaukaribia mlango. Jefferies hawezi kusimama, wala akipiga kelele hatafaa kitu. Sauti itamfikia muuaji pia.

Nilijikuta nimeinuka kitini. Mwalimu mmoja wa makamo, mtu mzito wa maneno, alikuwa akisema kwa sauti, "Toka, binti, toka!" Na hapo, katika giza la ukumbi ule, ilinijia karatasi ya miraba, pamoja na maandishi yangu mekundu pembeni yake.

Kwa maana ni kitu gani tulichokuwa hatukijui? Tulijua yote. Tulijua aliko Lisa, tulijua aliko Thorwald, tulijua kwamba mlango utafunguliwa. Lau tungekuwa hatujui, tungekuwa tumekaa kwa raha tukimtazama mwanamke akipekua sanduku. Kilichotutesa ni kule kujua bila ya kuweza kusaidia. Kijana wangu wa dawati la nyuma alikuwa amelieleza jambo hilo kwa mistari mitano, na mimi nikalitoza wiki mbili.

Tangu siku hiyo nimezitafuta filamu za aina hii kwa bidii ambayo mke wangu huiona si ya umri wangu. Hitchcock, aliyezaliwa London mwaka 1899 na kufariki Marekani mwaka 1980, ndiye aliyeieleza kanuni hiyo kwa uwazi zaidi. Mwaka 1962 alizungumza kwa siku kadhaa na mwongozaji filamu wa Kifaransa, François Truffaut, na mazungumzo yao yakatolewa kuwa kitabu mwaka 1966. Humo ametoa mfano wa bomu. Watu wawili wameketi mezani, wanazungumza mambo ya ovyo, na chini ya meza pana bomu. Ikiwa mtazamaji hana habari, bomu litakapolipuka atashtuka kwa sekunde 15, basi. Lakini ikiwa amemwona mtu akilitega, na anajua litalipuka saa saba kamili, na ukutani ipo saa inayoonyesha saa saba kasorobo, yale mazungumzo ya ovyo yatamkamata roho kwa dakika 15 nzima, naye atatamani kuwapigia kelele wale watu waache upuuzi. Mshtuko ni jambo moja, taharuki ni jambo jingine. Fasili yetu ya darasani imevichanganya hivyo viwili chungu kimoja.

Hapo ndipo ilipo pia tofauti ya hadithi ya taharuki na hadithi ya upelelezi, ambazo nasi huzichanganya. Muhammed Said Abdulla alipotupa Mzimu wa Watu wa Kale, uliochapishwa mwaka 1960, alitupa Bwana Msa na kiko chake, mtu ambaye siku zote anajua zaidi kuliko sisi na zaidi kuliko rafiki yake Najum. Raha yetu ni kumfuata nyuma tukikisia. Mauaji yamekwisha kutendeka, na kazi iliyobaki ni kulifumbua fumbo la jana. Lakini katika Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotoka mwaka 1974, Willy Gamba hana nafasi ya kuketi akavuta kiko. Hatari ingali mbele, adui yu hai, na jambo lenyewe halijaisha. Hadithi ya upelelezi huuliza nani alifanya. Hadithi ya taharuki huuliza kama kitazuilika. Hitchcock alikuwa na mapenzi haba kwa ile ya kwanza. Aliiona kuwa ni kama chemshabongo, isiyo na moto ndani yake.

Sasa naomba nizungumze kidogo kama mwalimu wa sarufi, kwa kuwa jambo hili ndilo linalonikera zaidi kuliko yote. Kijana yule aliandika "hajajua", nami nikasahihisha kuwa "hajui". Lakini tuangalie vizuri. Nikisema "hakufungua mlango", mambo yamekwisha. Mlango umefungwa na hadithi imefungwa pamoja nao. Nikisema "hafungui mlango", nimeeleza desturi yake au ukaidi wake. Bali nikisema "hajafungua mlango", nimekwisha kuuweka mkono wake juu ya kitasa. Kiambishi hiki cha -ja- kinakanusha na papo hapo kinaahidi. Kinamwambia msikilizaji kuwa jambo linangojewa, na kwamba yeye msikilizaji anangoja pamoja na msemaji. Wapo watu wenye lugha kubwa na filamu elfu ambao hulazimika kutafuta neno la pembeni ili kusema jambo ambalo sisi tunalibeba katika silabi moja ndani ya kitenzi. Mtu wa kwenye filamu hajajua: atajua, na pengine atajua amechelewa. Lilikuwa neno sahihi kuliko yote katika karatasi ile, na ndilo nililolikata.

Desturi nyingine za filamu hizi nitazipitia kwa haraka, maana nyingi zinafuata kutoka katika hiyo ya kwanza. Shujaa wake aghalabu ni mtu wa kawaida aliyetumbukia katika jambo lisilomhusu. Katika The 39 Steps ya mwaka 1935, Richard Hannay anamkaribisha mgeni mwanamke nyumbani kwake, mgeni anauawa, na tangu hapo anawindwa na polisi kwa upande mmoja na majasusi kwa upande wa pili. Katika North by Northwest ya mwaka 1959, Roger Thornhill anadhaniwa kuwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine, ajabu, hayupo kabisa duniani. Ni jina tu lililobuniwa na wapelelezi. Kuna pia kitu ambacho wote wanakigombea, karatasi au siri au chupa, ambacho Hitchcock alikiita kwa mzaha MacGuffin. Wahusika wako tayari kufa kwa ajili yake, na mtazamaji akitoka nje ya ukumbi hakumbuki kilikuwa nini. Nimewahi kumwuliza mwalimu mwenzangu, mtu aliyeitazama North by Northwest mara tatu, majasusi wale walikuwa wakiiba nini. Alikuna kichwa.

Filamu hiyo hiyo inaonyesha jinsi fundi mkubwa anavyoijua desturi na kuikataa. Tumezoea kwamba mtu akiitwa mahali ili auawe, ataitwa usiku, katika kichochoro, chini ya taa moja. Thornhill anaitwa mchana kweupe, katikati ya uwanda mtupu wenye barabara moja na kituo cha basi. Hakuna pa kujificha, na hakuna kinachoonekana cha kuogopwa. Mbali kule ndege ndogo inanyunyiza dawa ya mimea. Mzee mmoja anayengoja basi anasema, kama mtu asemaye habari za mvua, kwamba ndege ile inanyunyiza dawa mahali pasipo na mimea. Kisha basi linafika, anapanda, anakwenda zake. Mimi nimekulia kati ya mashamba ya miwa ya Busoga, na sidhani kuna mkulima ambaye damu isingemsisimka kwa maneno hayo.

Saa nayo haikosekani, ila si lazima iwe saa ya ukutani. Katika Notorious ya mwaka 1946, Alicia ameiba ufunguo wa ghala ya mvinyo ya mumewe usiku wa karamu, ili mwenzake akapekue humo. Chupa za shampeni zilizowekwa kwenye barafu zinapungua moja baada ya moja. Zikiisha, mume atahitaji ufunguo. Wageni wanakunywa na kucheka, na kila gilasi inayoinuliwa ni dakika moja inayotoweka. Mfaransa Henri-Georges Clouzot yeye alitumia barabara badala ya saa. Katika Le Salaire de la peur ya mwaka 1953, yaani Ujira wa Woga, watu wanne wanaendesha malori mawili yaliyopakia nitrogliserini kupitia barabara mbovu, kwa ajili ya kuzimia moto wa kisima cha mafuta. Mshindo mmoja tu watakwisha. Niliitazama filamu hiyo peke yangu, nyumbani, huku malori ya mafuta yatokayo Mombasa yakipita mbele ya dirisha langu kama kawaida, na ilinichukua siku kadhaa kabla sijaweza kuyasikia yakirukia shimo bila ya kukaza meno.

Desturi moja ilinitia aibu. Katika Psycho ya mwaka 1960, Norman Bates anaisukuma gari ndani ya kinamasi ili kuficha maiti ya mwanamke aliyeuawa. Gari inazama, inazama, kisha inasita. Paa lake linabaki juu ya tope. Katika sekunde zile chache, mtazamaji mwema, mcha Mungu, mlipa kodi, anashikwa na hofu kwamba gari haitazama. Yaani amekwisha kuwa upande wa mwenye kuficha. Taharuki haiulizi nani mwenye haki. Inamfuata yeyote ambaye macho yetu yapo begani pake. Nilipoiona sehemu hiyo nilijiuliza, siku ile nilipobeba karatasi ya mwanafunzi kuipeleka ofisini, macho yangu yalikuwa yamekaa begani pa nani.

Na lipo kosa ambalo Hitchcock mwenyewe alikiri kulifanya. Katika filamu yake Sabotage ya mwaka 1936, mtoto wa kiume anapewa kifurushi akipeleke upande wa pili wa mji wa London. Hajui kwamba ndani yake mna bomu litakalolipuka saa nane kasorobo. Sisi tunajua. Mtoto anacheleweshwa na mchuuzi wa barabarani, anacheleweshwa na gwaride, anapanda basi, anachezea kitoto cha mbwa cha abiria aliyeketi kando yake. Saa inakwenda. Kisha bomu linalipuka, na mtoto anakufa. Watazamaji walikasirika, na Hitchcock alisema baadaye kwamba walikuwa na haki: ukimfanya mtu aogope kwa muda wote ule kwa ajili ya mtoto asiye na kosa, huna ruhusa ya kumlipua.

Siku hizi naifundisha taharuki kwa kikapu. Nawaambia darasa: mama ametoka shambani, anatia mkono kikapuni kuchukua mahindi, nyoka anamwuma. Wanashtuka kidogo, wanaandika. Kisha naanza upya: nyoka anaingia kikapuni wakati mama yuko kisimani. Mama anarudi. Anaketi. Anazungumza na jirani habari za harusi. Anasogeza kikapu karibu na mguu wake. Jirani anacheka. Mama hajatia mkono. Sijapata kulifikisha darasa lolote mwisho wa habari za harusi bila ya mtu wa nyuma kupiga kelele. Ndipo ninapowaambia wahesabu viambishi vya -ja- katika masimulizi yangu. Ni kweli kwamba mtihani wa taifa ukifika huwaambia waandike pia ile fasili ya zamani, kwa kuwa sipendi wapoteze alama kwa sababu ya toba yangu mimi. Lakini huwaandikisha fasili zote mbili, na ya pili huitaja kuwa ni ya mwanafunzi mmoja wa zamani.

Mwanafunzi huyo nilimpata Desemba ya mwaka 2023. Sikuwa na haja ya kumtafuta mbali. Ana duka dogo la kutengeneza simu karibu na kituo cha teksi, na kwa miaka kadhaa nilikuwa nikipita mbele yake bila ya kumtambua, kwa maana amenenepa na amefuga ndevu. Yeye alikuwa akinitambua. Alisimama, akanipa kiti, akasema "Shikamoo, Mwalimu" kwa Kiswahili kile kile cha darasani, nami nikaitikia.

Nilimweleza nililojia. Nilimwambia jibu lake la swali la nne lilikuwa sahihi, na kwamba neno "hajajua" lilikuwa sahihi zaidi, na kwamba nilipaswa kumpa alama zote na sikupaswa kuipeleka karatasi mahali popote. Aliweka chini bisibisi yake. Alisema alama zenyewe alikuwa amezisahau. Zile wiki mbili hakuzisahau, kwa kuwa hakuthubutu kumwambia baba yake, na kila asubuhi alivaa sare akatoka nyumbani kama aendaye shule, akashinda kibandani akimchotea mwenye kibanda petroli ya jenereta kwa malipo ya kutazama bure. "Nilitazama filamu nyingi, Mwalimu," alisema, akacheka.

Nilimwuliza alijifunzia wapi jambo lile ambalo mimi nililazimika kulisoma kwa Hitchcock. Akanieleza kwamba VJ wao alikuwa amekwisha kuitazama kila filamu nyumbani kabla ya kuileta, kwa hiyo alijua mwisho wake. VJ mpumbavu alinyamaza akangoja watu washtuke. VJ hodari aliwaambia mapema, kwa sauti ya chini kama mtu asengenyaye: mwangalieni vizuri huyu anayecheka, hatafika asubuhi. Basi tangu hapo, alisema, hata mtu huyo akinywa chai tu, kibanda kizima kinanyamaza. Niliona kuwa ni somo kamili, na mtoa somo alikuwa mtu ambaye ningemfukuzia mbali lau angesogelea lango la shule.

Tulikaa kimya kidogo. Mteja alikuja na simu yenye kioo kilichopasuka, akaambiwa arudi jioni. Kisha yule kijana, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili, akaniuliza kama nakumbuka ilikuwa siku gani nilipoipeleka karatasi. Nikasema sikumbuki. Akasema ilikuwa Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Alikuwa ameketi dirishani, akaniona navuka uwanja nikiwa na karatasi iliyokunjwa mkononi, na hata kwa mbali aliijua kwa ile miraba yake. Darasa zima hakuna mwingine aliyeandikia karatasi ya hesabu. Aliitwa ofisini Jumatatu. Siku nne, alisema, alikula na kulala nyumbani, akateka maji, akaenda kanisani na mama yake, na hakuna aliyejua kitu ila yeye.

"Na Ijumaa ulitufundisha, Mwalimu," alisema. "Ulikuwa mchangamfu. Uliniita jina langu ukanituma ofisini nikuletee chaki."

Sikukumbuka. Nilimwuliza kama alikwenda.

"Nilikwenda. Karatasi yangu ilikuwa mezani, juu ya vitabu, imekunjwa vile vile ulivyoikunja. Mwenyewe alikuwa anakunywa chai. Hajaifungua."